Mshika Futi

Kabla kodi ya majengo haijahamia kwenye luku
ilikuja kwa miguu, na miguu ilikuwa yangu.
Nilikuwa mshika futi wa Bwana Ntamahungiro, mthamini.
Yeye alisoma namba.
Mimi nilishika sifuri,
nimebanwa kati ya ukuta na banda la kuku.

Ujiji ilitujua kwa mlio wa buti.
Tukikunja kona ya Kasingirima
nyumba zilianza kuugua.
Ukuta ulioamka mzima
adhuhuri ulikohoa vumbi.
Bati lilikumbuka kutu.
Chumba cha wageni kikawa stoo, stoo ikawa banda,
banda likawa "hilo achana nalo, baba, halihesabiki."

Bi Mwavua Feruzi alitupokea kwa kigoda na malalamiko.
"Andika: msingi umeliwa na mchwa.
Andika: darini wamejaa popo.
Andika: mvua ikinyesha Mwanga, mimi nalowa hapa."
Bwana Ntamahungiro aliandika.
Kalamu yake haikuwa na huruma wala chuki,
ilikuwa na wino.

Lakini nyumba ile mimi niliijua.
Jumanne yake nilikuwa pale pale na mtu wa benki
(kibarua ni kibarua, futi ni ile ile)
na Bi Mwavua alikuwa ametandika zulia,
akigonga ukuta kwa konzi: "Sikia! Tofali la kuchoma.
Mbao za mninga, marehemu alizifuata mwenyewe Uvinza.
Nyumba hii, mwanangu, itatuzika sote."

Nyumba moja, ndimi mbili:
kwa mkopo, kasri;
kwa kodi, kaburi.

Machi ikaja na mvua zake.
Bi Mwavua akaingia ofisini, viatu mkononi,
tope limempanda hadi magotini.
"Mtaro! Nauliza mtaro!
Maji yamelala kitandani kwangu, mimi nimelala kwenye meza!"
Sikitu wa dirisha la mapato
alifungua kitabu cha bajeti, akatelezesha kidole:
mtaro wa Kasingirima, mstari wa arobaini na moja,
na pembeni, kwa herufi ndogo,
*kutegemeana na makusanyo.*

Maneno matatu.
Nimeyaona yakilaza mabomba kwenye nyasi miaka minne,
yakisimamisha nguzo za taa bila taa,
yakifunga choo cha soko kwa kufuli jipya.
Gari la mkurugenzi lilikuwa mstari wa tatu.
Halikutegemea kitu.
Bi Mwavua hakuuona mstari ule, hakuwa na miwani.
Mimi nilikuwa na miwani.
Nilinyamaza.

Na si hilo tu nililolinyamazia.

Nyumba yangu iko Gungu: vyumba vinne, kibaraza,
jiko la nje lililopakwa chokaa.
Siku ya kupima Gungu nilimpitisha Bwana Ntamahungiro
njia ya juu, kwa wauza mawese,
nikamwonyesha kwa kidevu: "Kule chini ni korongo tu, mzee."
Akanitazama kidogo.
Akageuza ukurasa.
Miaka kumi na moja niliishi korongoni,
na kila masika nililaani halmashauri
kwa sauti kuliko majirani wote.

Sasa nimestaafu.
Kila mwezi nanunua umeme, na luku inakata chake
kabla balbu haijapepesa.
Haipokei kigoda. Haisikii habari za mchwa.
Mpangaji wangu wa chumba cha uani analalamika
kwamba analipia ukuta usio wake,
na sijapata jibu la kumpa.

Jana usiku usingizi ulinikataa.
Nilitoa futi ya zamani, imechakaa kwenye mita ya saba,
nikajaribu kupima nyumba yangu.
Haiwezekani peke yako.
Ukifika kona ya pili, futi inajikunja,
inarudi mbio gizani
na kukupiga sifuri kwenye vidole.

Mke wangu akatokea mlangoni na tochi.
"Unapima nini saa hizi?"
Nikampa ncha: "Shika hapo."
Akashika. Akanimulika usoni.
"Basi usisahau," akasema, "kuandika popo."